Kisumu kwa Kupitia Embakasi

Nimefundisha Jiografia miaka mingi, na kila kidato cha pili kikifika kwenye mada ya ramani, mkono wangu huingia mfukoni kutafuta uzi. Mwanafunzi mmoja hushika ncha pale Nairobi, mwenzake huuvuta mpaka Kisumu, kisha tunaulaza kwenye skeli na kusoma: kilomita 265 hivi kwa mkato, bila kujali mlima wala bonde. Halafu tunaupitisha uzi uleule barabarani, Naivasha, Nakuru, Mau Summit, Kericho, Ahero, nao unafikia kilomita 350 hivi. Hapo ndipo ninapouliza kwa nini uzi wa pili umerefuka. Mwaka mmoja kijana wa dawati la nyuma alisimama akajibu, "Ni kwa sababu ya Nakuru, mwalimu. Lazima basi lisimame watu wale." Darasa likaangua kicheko, nami nikampa sifuri.

Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba mkasa huu haukumpata mtu asiyejua kupima.

Kitindamimba wa wakwe zangu alikuwa anaolewa Kisumu, Jumamosi saa nne asubuhi. Mama watoto alitangulia na watoto tangu Jumatano. Mimi niliachiwa kazi moja tu: keki. Ilikuwa ya ghorofa tatu, kila ghorofa katika boksi lake, imeokwa na mama mmoja wa Buruburu ambaye nina hakika hata mwenye nyumba wake huenda kumdai kodi akiwa amevua kofia. Aliponikabidhi maboksi alinikazia macho akasema, "Mwalimu, hii keki haijui matuta."

Matuta ya barabara ya Kisumu niliwahi kuyahesabu nikiwa safarini, nikasalimu amri kabla ya Naivasha. Kwa hiyo nikaamua: keki itapanda ndege.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anaishi ploti ya tatu kutoka yetu hapa Umoja. Aliposikia hivyo alikuja jioni, akavuta stuli, akaomba chai, akasema, "Mwalimu, nipe mimi keki. Napanda basi la saa tatu asubuhi, naipakata, saa kumi na moja jioni niko nyumbani nakula samaki." Nilicheka. Nikachukua kalamu na kumfanyia hesabu nyuma ya risiti ya stima. Kutoka uwanja hadi uwanja ni kilomita 280 hivi. Ndege ikishakolea, kilomita 800 kwa saa si ajabu kwake. Gawa: dakika 21.

"Tiketi inasema ngapi?" akauliza.

"Dakika 45."

"Na hizo 24 zinaenda wapi?"

Nikamweleza kwamba muda wa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho. Itambae hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ingoje zamu yake, ipae, na safari fupi namna hiyo haimalizi kupanda vizuri kabla ya rubani kuanza kuishusha. Kisha inazunguka kuulenga uwanja, inatua, inatambaa tena. Shemeji alisikiliza, akanywa chai, akasema, "Kwa hivyo unalipa pesa zote hizo uende ukatambae." Nilimwambia hajui sayansi.

Kulikuwa na ndege ya asubuhi na ya saa tisa alasiri. Ya alasiri ilikuwa nafuu kwa pesa ambayo mwalimu haipuuzi. Nikalipa.

Inafaa nieleze pia tulivyo na ndege sisi watu wa Eastlands. Ukitoa zile ndogo za Wilson kule upande wa Lang'ata, ndege za Nairobi zimekuwa majirani zetu tangu zamani. Kabla ya Embakasi, ndege kubwa zilitua Eastleigh. Februari 1952, Elizabeth wa Uingereza, angali binti mfalme, alishukia hapo Eastleigh, na siku chache baadaye akawa malkia angali humu nchini. Uwanja wa Embakasi ukafunguliwa mwaka 1958, baada ya kuchimbwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wafungwa wa Hali ya Hatari, na mwaka 1978 ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Eastleigh pakabaki kambi ya jeshi la anga. Kwa hiyo mtoto wa Umoja hukua akijua sauti za ndege kama anavyojua sauti ya muuza maziwa. Juu ya paa letu, mahali pa kuanikia nguo, siku isiyo na mawingu unaziona zikiinuka moja baada ya nyingine. Nimeanika soksi miaka kumi na moja nikiziangalia. Kumwambia mtu kama huyo atoke nyumbani saa nne mapema ili awahi ndege ni kumtusi.

Nilitoka saa sita na nusu mchana. Kutoka Umoja hadi uwanjani, kwa Outer Ring kisha Airport North Road, ni kilomita 12 hivi.

Ilikuwa Ijumaa. Tena Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Teksi ilikwenda vizuri mpaka Donholm, ikapunguza mwendo, kisha tukaingia Taj. Mgeni akiambiwa Taj anaweza kutafuta jumba. Jumba lilibomolewa mwaka 2018, lakini steji haikubomolewa, wala msongamano wake. Sisi Eastlands tunaelekezana kwa vitu ambavyo havipo: shukia palipokuwa na kioski, pinda palipokuwa na mti. Mimi na maboksi yangu matatu tulikaa palipokuwa na Taj kwa muda ambao ningeweza kusahihisha mitihani ya darasa zima.

Mchuuzi wa maji akachungulia dirishani. "Hepi bathdei, mzee!" Mwenzake wa njugu akamwambia hiyo si ya bathdei, hiyo ni ya harusi, angalia ukubwa. Ukazuka mjadala. Wa tatu, muuza chaja za simu, akauliza kama mimi ndiye bwana harusi, akaniangalia vizuri, akajijibu mwenyewe kwamba hapana. Mkokoteni wa mitungi ya maji ulitupita, tukaupita, ukatupita tena, na mara ya tatu mwenye mkokoteni alinipungia mkono kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Juu yetu ndege ikapita, chini kiasi cha kuona magurudumu yakikunjwa. Dereva wa teksi akaitazama mpaka ikapotea. "Hiyo si yako?" akauliza kwa wema.

Haikuwa yangu. Lakini tulifika lango la uwanja saa nane na dakika tano: kilomita 12 kwa dakika 95, yaani mwendo usiofika hata kilomita nane kwa saa. Kwa mwendo huo Kisumu ningefika Jumapili, harusi imekwisha.

Langoni abiria huteremka wakapita kwa miguu penye ukaguzi, gari likaguliwe peke yake. Upepo wa Embakasi ni upepo wa mbugani, hauna mahali pa kuzuiliwa. Nilivuka pale nimebeba ghorofa tatu, kidevu kimekandamiza kifuniko cha juu, nikitembea kama mtu aliyebeba dari ya nyumba yake. Afande mmoja akanishikia mlango. Niliona ni ishara njema.

Ndani, maboksi yakaingia kwenye mashine. Boksi la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu likasimama, likarudishwa nyuma, likasongezwa mbele, na watu wawili wakaja kuegemea kioo.

"Mzee, hapa ndani kuna nini?"

"Keki."

"Na kando ya keki?"

Sikujua. Kumbe yule mama wa Buruburu, kwa upendo wake, alibandika ndani ya kifuniko kisu kirefu cha kukatia keki, mpini umefungwa utepe mweupe na ua la plastiki. Afande alikitoa kwa vidole viwili. Nilimweleza habari za harusi, nikamtajia jina la kanisa, nikataka kumpigia mama watoto aje kuwa shahidi.

"Mwalimu," akasema, maana nilikuwa nimeshamwambia pia kazi yangu, "kisu hakiendi Kisumu." Aliyasema bila kutabasamu, nami nikajua nimesikia mzaha ambao amekaa nao miaka akingoja mteja. Kisu kikatumbukia kwenye ndoo pamoja na mikasi na kopo la dawa ya mbu, ule utepe ukining'inia nje.

Ndani ya ndege ikawa mtihani mwingine. Mhudumu, binti mpole sana, aliniambia wakati wa kupaa huruhusiwi kupakata kitu. Ghorofa ya chini ikapewa nafasi nyuma, kwenye kabati lao la vikombe. Ndogo ikaingia chini ya kiti cha mbele yangu. Ya katikati ikapandishwa juu pamoja na mabegi ya watu, nami nikakaa shingo nimeigeuza juu kama jogoo anayeangalia mwewe. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini yeye pia. Alifunga mkanda, akafumba macho, akalala kabla mlango haujafungwa.

Tulipaa saa tisa na nusu. Na niseme haki, dakika za kwanza zilikuwa za raha. Upande wa kulia nikaiona Longonot na shimo lake, kisha ziwa la Naivasha likimeta. Kitu ambacho nimekichora ubaoni kwa chaki ya bluu maisha yangu yote kilikuwa chini yangu, na nilikuwa nimekichora vibaya. Nikaletewa juisi. Nikamfikiria shemeji, wakati huo pengine yuko Kericho, magoti yamebana kwenye kiti cha mbele. Nikacheka peke yangu.

Kisha mbele pakawa peusi.

Hapa sina budi kuungama. Kuna somo ninalolifundisha kila mwaka, na maswali yake nayatunga mwenyewe. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji; upepo mwanana hutoka Ziwa Viktoria ukipanda nchi kavu kuelekea mashariki; huko kwenye nyanda za juu za Nandi na Kericho hukutana na upepo unaotoka upande wa bahari; hewa hukosa pa kwenda ila juu, na alasiri mawingu hujijenga kama minara. Ndiyo maana Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai. "Ni wakati gani wa siku?" huwauliza. "Alasiri, mwalimu!" huitikia kwa pamoja. Na mstari wa uzi wangu, ule ulionyooka, unapita juu ya Kericho hasa. Mwenye somo hilo alikata tiketi ya saa tisa alasiri kwa sababu ilikuwa nafuu.

Ndege ikaanguka kidogo, ikajiokota. Ikaanguka tena. Vikombe kule nyuma vikalia, nami nikajua vinalia juu ya ghorofa ya chini. Mzee aliyekuwa ng'ambo ya ujia, mwenye kofia ya kiserikali, alikuwa akitangaza kila tukishtuka, "Hii ni kawaida, hii ni kawaida," na kila akisema sauti yake inapanda. Mahali fulani juu ya kichwa changu nikasikia begi likijiviringisha ndani ya kabati, likigonga kitu laini.

Rubani akazungumza. Kisumu kuna ngurumo, tutazunguka kidogo tuone kama patafunguka. Tukazunguka. Nje ya dirisha palikuwa kama ndani ya gunia la pamba. Baada ya kama dakika 20 akazungumza tena, kwa sauti ya mtu anayeaga wageni: hapakufunguka, mafuta yana hesabu yake, tunarudi Nairobi.

Hakuna aliyesema kitu isipokuwa mzee wa kofia, na yeye alisema ni kawaida.

Tulipotua, mhudumu, kwa mazoea ya kazi, akatukaribisha Nairobi na kututajia halijoto. Yule mama jirani yangu akafumbua macho, akajinyoosha, akaangalia saa yake, akaniambia kwa furaha, "Kumbe ni karibu hivi!" Nilishindwa kumjibu. Alikuwa ameshasimama anatafuta mkoba wake.

Nilikuwa nimeruka zaidi ya kilomita 500. Mwalimu mwenzangu wa Fizikia angesema hivi: umbali, zaidi ya kilomita 500; uhamisho, sifuri. Ile sifuri niliijua. Niliwahi kumpa mtu.

Simu ilipopata mtandao ikalia papo hapo. Shemeji.

"Mwalimu, sisi tumefika Ahero sasa. Nimesikia ndege yako kwenye mawingu, nikaambia watu wa basi huyo ni mkwe wetu anapita na keki." Akanyamaza kidogo. "Lakini mbona nimesikia kama inarudi?"

Kwenye kaunta tulipewa machaguo mawili, pesa zetu au ndege ya kesho, na ya kesho yenye nafasi ilikuwa ya alasiri. Sikuhitaji ramani kulikataa hilo. Nikayabeba maboksi hadi kituo cha matatu namba 34, ile ninayopanda nikienda kumpokea mtu. Konda aliyatazama akasema keki ikae kwenye kiti, ilipe kama mtu. Ikalipa. Muziki ulikuwa wa kutikisa vioo, na sukari ya juu ya keki, nilihisi, ikitikisika kwa mdundo uleule.

Saa nne usiku, katika kituo cha Machakos Country Bus, mimi na keki tukapanda basi la Kisumu. Kutoka kituo hicho hadi nyumbani kwangu Umoja ni mwendo wa nauli moja. Tangu mchana nilikuwa nimezunguka Eastlands yote na anga ya nusu ya Kenya, nami bado nilikuwa Eastlands.

Yaliyofuata sikuyatarajia. Konda wa basi alipoona maboksi aliuliza, nikamsimulia yote. Nilikuwa sina tena heshima ya kulinda. Akaenda mbele akamwambia dereva kwa sauti ya kusikika na basi zima, "Dere, polepole kwa matuta, tumebeba bibi harusi." Wakatoa shuka ya mtu fulani wakaitandika kitini, maboksi yakakaa dirishani, yakafungwa kamba mgongoni mwa kiti. Tulipofika kila tuta, basi lilisita, likapanda kama mzee anayepanda ngazi, na gizani sauti isiyojulikana ikauliza, "Keki iko sawa?" Nami nikaitikia, "Iko sawa." Hivyo kutoka Limuru mpaka Kericho. Mara moja nilisinzia, na wakaitikia wengine kwa niaba yangu.

Nikiwa macho nilijifariji kwa historia. Reli ya Waingereza ilifika Nairobi mwaka 1899, na ncha yake ikagusa ziwa Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi. Miaka miwili na nusu, Nairobi hadi Kisumu, na hakuna aliyewapigia simu kutoka Ahero kuwauliza mbona wanarudi.

Nakuru basi likasimama. Ilikuwa saa saba na ushee usiku, baridi inakata masikio. Watu wote wakashuka kula. Nilibaki na keki dakika mbili, kisha konda akasema atailinda yeye, nikashuka nami, nikanunua viazi na soseji, nikala nimesimama karibu na moshi. Kijana wa dawati la nyuma sasa ni mtu mzima, nasikia ana gari la kubeba mchanga huko Kayole. Laiti ningekuwa na namba yake.

Kisumu tuliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tangu nilipofunga mlango wangu Umoja zilikuwa zimepita saa 18 kamili. Mama watoto alinipokea getini, akanipita, akapokea maboksi.

Yalifunguliwa mezani mbele ya shangazi wanne. Ghorofa ya chini, salama. Ya juu, salama, bibi na bwana wa plastiki wamesimama wima. Ya katikati ilikuwa na bonde ubavuni, na ndani ya bonde hilo, wazi kama muhuri, alama ya gurudumu la begi. Shemeji aliinama akaichunguza kwa makini, yeye anauza vipuri, akasema, "Hii si ya basi." Mama watoto akageuza upande huo ukutani na jambo likaisha, mpaka saa nane, ilipotakiwa keki ikatwe na kisu kikatafutwa. Kilichopatikana ni cha mama mkwe cha kupara samaki. Kilioshwa kwa ndimu mara tatu na kufungwa utepe uliofunguliwa kwenye zawadi ya mtu. Maharusi walikishika pamoja, wakapigwa picha, na waliokaa meza za mbele wakaionja keki, wakatafuna polepole, wakatazamana.

Baadaye baba mkwe aliniita nikakae karibu naye chini ya mwembe, pamoja na wazee wenzake. Msema chochote alikuwa ameshatangaza kwenye kipaza sauti kwamba keki imeletwa na mkwe mkubwa kutoka Nairobi kwa ndege, na watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama nikayapokea. Mzee alinipongeza kwa gharama hiyo. Kisha akauliza, kwa kuwa yeye hajawahi kupanda, siku hizi ndege inachukua muda gani kufika huku.

Mama watoto alikuwa akipita na sinia, akasimama. Shemeji, kando yangu, aliacha kutafuna.

"Dakika arobaini na tano, baba," nikasema.

Wazee wakatikisa vichwa kwa mshangao. Shemeji akaifuta midomo, akasogeza sahani yake tupu taratibu mpaka ikagusa yangu yenye keki, akangoja.